Kipkemboi na Magunia Thelathini

Kipkemboi alikuwa na kazi ya kuketi, na aliifanya kwa bidii sana.

Alikuwa karani wa mizani katika kituo cha kununulia majani chai, karibu na Roret. Wakulima walileta majani kwa magunia. Mpakiaji mmoja, jina lake Phelix, alitundika kila gunia kwenye ndoano ya mizani. Kipkemboi alitazama mshale, akaandika kilo, kisha akanywa chai. Baada ya hapo Phelix alibeba gunia na kulitundika kwenye ndoano ndani ya lori. Kipkemboi alimtazama kwa huruma, huku ameketi.

Miaka sita nyuma, Kipkemboi mwenyewe alikuwa mpakiaji. Alitundika magunia akipiga mluzi. Alipopandishwa cheo, mke wake Chepngeno alifurahi sana. Akasema karani hawezi kula kama mpakiaji. Tangu siku hiyo, maziwa yote ya ng'ombe wao wawili yalienda kuuzwa hotelini Roret. Mayai nayo yalienda. Kutoka Roret kulirudi sukari, mkate mweupe na mkebe mkubwa wa mafuta ya kupikia. Kibuyu cha mursik, yale maziwa ya kugandisha, kilitundikwa ukutani. Kikakaa hapo kikavu, kikishika masizi.

Asubuhi Kipkemboi alikunywa chai ya vijiko vinne vya sukari, na nusu mkate. Mchana alikula chapati tatu na soda. Jioni alikula mlima wa ugali na kabichi iliyoogelea katika mafuta.

"Kazi imekukubali!" watu walimwambia, wakitazama tumbo lake.

"Asante," alijibu. Vifungo vya shati havikusema asante. Vilikatika kimoja kimoja.

Mwezi wa sita mwaka wa 1996, barua ilikuja kutoka kiwandani. Makarani walikuwa wengi mno. Aliyetaka kubaki angerudi kupakia lori. Mwezi wa tisa kungekuwa na mtihani: kutundika magunia thelathini ya majani kwenye lori bila kupumzika. Asiyeweza angeenda nyumbani.

Kipkemboi alisoma barua mara tatu. Haikubadilika.

"Mkubwa, jaribu gunia hili moja tu," Phelix alisema.

Kipkemboi alitundika la kwanza. Akatundika la pili. La tatu lilimshinda. Aliketi chini akihema.

"Hebu nikupime," Phelix alisema. Kipkemboi alishika ndoano ya mizani kwa mikono miwili, akainua miguu. Mshale ulikimbia hadi kilo mia moja, ukafika mwisho, ukakosa pa kwenda.

Phelix hakucheka. Hilo ndilo lililomuumiza Kipkemboi zaidi.

Alirudi nyumbani. Alimtazama binti yake Chemutai akipiga pasi sare ya shule. Alijua kwamba bila kazi ile, sare hiyo ingekuwa ya mwisho. Akaingia ghalani, akasimama nyuma ya mahindi, akalia kimya kimya kama mtu mzima.

Kisha akapata wazo. Lilikuwa wazo baya, lakini hakuwa na lingine.

Aliacha kula. Asubuhi alikunywa turungi, chai bila maziwa. Mchana turungi. Jioni turungi. Halafu alichukua aproni mbili za nailoni, zile ambazo wachumaji chai huvaa ili wasilowe umande. Moja aliivaa mbele, nyingine nyuma. Akazifunga kwa kamba. Jua la mchana lilipowaka, alikimbia kupanda mlima ili mafuta yayeyuke.

"Karani anapika nini humo ndani?" wachumaji waliulizana.

Siku ya tatu walipata jibu. Kipkemboi alianguka katikati ya michai. Wanawake wanne walimbeba hadi zahanati juu ya magunia, wakisimama mara nyingi kupumzika. Kila waliposimama, alitamani ardhi immeze.

Muuguzi wa zahanati aliitwa Amondi. Nyumbani kwao ni upande wa ziwa, lakini alikuwa amekaa Roret miaka kumi, na habari za mtihani alikuwa amezisikia. Alimpima presha. Akampa maji ya chumvi na sukari. Akaishika ile aproni kwa vidole viwili.

"Hii ni nini, Baba Chemutai?"

"Ya kutoa mafuta, Sista."

"Imetoa?"

"Maji yametoka mengi sana."

"Ndiyo, umetoa maji tu. Ukinywa maji, uzito unarudi. Mafuta yako yamekaa pale pale, hata hayajui kama ulikimbia. Na kukaa njaa ni mbaya zaidi. Mwili wenye njaa unakula misuli yako pia. Sasa utabeba magunia na nini?"

Kipkemboi aligeukia ukuta. "Basi nimekwisha," alisema.

"Bado. Kesho nitakuja kuona jiko lenu."

Amondi alikuja kweli. Chepngeno alimkaribisha kwa chai tamu sana. Amondi alionja, akafumba macho, akaweka kikombe chini.

"Mama Chemutai, maziwa yako wapi?"

"Tumeuza."

"Na mayai?"

"Tumeuza pia."

"Maharagwe je?"

Chepngeno aliona haya. "Yako ghalani, lakini karani atakulaje maharagwe kila siku? Watu watasema nini?"

"Watasema amepita mtihani," Amondi alijibu. "Sikilizeni. Misuli inajengwa na maziwa, mayai, maharagwe, ndengu, samaki na nyama isiyo na mafuta. Vingi viko hapa hapa kwenu. Lakini kila asubuhi mnamimina misuli ya mzee kwenye mkebe, inaenda Roret kwa baiskeli. Jioni inarudi ikiwa sukari na mafuta ya kupikia. Hayo ndiyo amebeba tumboni."

Chepngeno alifunika uso kwa leso. "Kwa hivyo mimi ndiye nimemmaliza?"

"Ulimpenda, tena sana. Sasa mpende kwa njia nyingine."

Amondi alichukua sahani. Nusu yake aliijaza mboga za managu na sukuma wiki, zilizopikwa kwa kijiko kimoja cha mafuta. Robo moja aliweka ugali. Kipkemboi aliutazama ugali ule mdogo kama mtu anayemuaga ndugu. Katika robo ya mwisho, Amondi alifungua karatasi aliyokuja nayo na kuweka omena, dagaa wakavu wa ziwani, na vichwa na macho yao.

Kipkemboi alirudi nyuma. "Sista, sisi hatuli hao. Wananitazama!"

"Na wewe unawatazama. Mko sawa. Kula."

"Weee! Siku nyingine."

"Basi leo kula maharagwe. Lakini nitaacha omena hapa. Watakungoja."

Akawaeleza mengine. Sukari ipungue polepole mpaka iishe. Soda na mkate mweupe viachwe. Maji yanywewe kwa wingi. Kikombe cha mursik kisicho na sukari ni chakula kizuri. Kila siku atembee kwa miguu kwenda kazini. Na mara tatu kwa wiki abebe magunia machache, kisha apumzike, kwa sababu misuli hukua mtu akipumzika.

Chepngeno alishusha kibuyu ukutani. Alikisugua kwa majivu ya mti wa senetwet, akamimina maziwa ndani. Sukari walinunua kidogo tu, kwa hivyo maziwa hayakuwa na haja ya kwenda Roret yote.

Msingoje muujiza. Wiki ya kwanza Kipkemboi aliota chapati. Wiki ya tatu mkanda wake ulikuwa kwenye tundu lile lile. Majirani walisema Chepngeno amekuwa mchoyo. Hotelini walimwita Kipkemboi kwa jina kila alipopita, nao walikuwa wakikaanga mandazi. Alibeba magunia matano. Baadaye saba. Mwezi wa nane alifika kumi na mawili, na hapo akakwama wiki nzima.

"Niache, Phelix," alisema, akitupa gunia. "Mimi ni kumi na mawili. Mungu aliniumba kumi na mawili."

"Mwezi wa sita alikuumba mawili," Phelix alijibu. "Chukua hilo."

Jioni hiyo Kipkemboi alifika nyumbani amekata tamaa kabisa. Chemutai alimwekea chakula. Kwenye sahani palikuwa na omena, kwa sababu maharagwe yalikuwa yameisha. Kipkemboi alitazama mlango. Kisha akatazama sare ya Chemutai iliyotundikwa kwenye msumari. Akafumba macho yake mwenyewe, akala.

"Ni watamu?" Chemutai aliuliza.

"Nyamaza," baba yake alisema, akaongeza.

Wiki iliyofuata alivuka kumi na mawili, na kabla ya mtihani alikuwa amefika ishirini na matano. Siku ya mtihani ilikuwa na mvua. Makarani wanane walikuja. Watano walishindwa kabla ya gunia la ishirini, wakaenda nyumbani. Hakuna aliyewacheka.

Kipkemboi alianza polepole. Gunia la kumi na mawili lilipita. Gunia la ishirini lilipita. Kwenye la ishirini na sita aliiona barua ile mbele ya macho yake. Hakuhesabu tena. Aliinua, akatundika. Akainua, akatundika. Akageuka kuchukua lingine.

"Karani!" msimamizi aliita. "Hayo ni thelathini. Unatafuta nini?"

Kipkemboi alisimama kwenye mvua, mikono bado iko hewani. Phelix alimsukuma taratibu hadi kwenye mizani. Akashika ndoano, akainua miguu. Mshale ulipanda hadi tisini na tatu. Ukasimama hapo.

Nyumbani Chepngeno na Chemutai walikuwa wamesimama mlangoni. Kipkemboi aliketi mezani, akavuta sahani yake ya omena.

"Kesho naanza kupakia," alisema.

Omena walimtazama. Naye akawatazama, na safari hii hakufumba macho.