Doa Kwenye Taya la Koinet

Soko la mbuzi la Kitengela lilikuwa limefurika siku Koinet alipomkanyaga Gathoni mguu. Mfanyabiashara mrefu, shuka nyekundu juu ya koti la ngozi, kofia ya marvin imefunika masikio. Macho hayana pazia. Walitazamana hadi mbuzi mmoja akatoroka.

"Pole, mrembo. Nikununulie kiatu?"

"Shika mbuzi yako kwanza!"

Gathoni alikuwa daktari wa meno pale Noonkopir. Miezi sita walipigiana simu asubuhi na jioni, kisha Koinet akanyamaza wiki mbili. Gathoni akaamini kuna mwanamke. Hatimaye Koinet alipiga, sauti nzito.

"Gathoni, tafuta mtu mwingine."

"Ni nani huyo amekushika?"

"Hakuna mtu. Jino iliniuma nikiwa Rongai, nikapigwa eksirei. Wanasema niko na uvimbe kwa taya, labda ikatwe. Niliogopa kukuona ukiiangalia."

"Kwani mimi ni daktari wa ng'ombe? Tuma hiyo picha saa hii!"

Picha ikaingia. Mwingine angelikimbilia lile doa jeupe juu ya magego ya kulia. Gathoni alianzia kushoto, jino kwa jino, na karibu na sikio akaona kiduara cheupe kilichokolea. Doa la kulia lilikuwa na umbo lilelile, ila limepanda juu na kufifia. Jicho hilo! Wengi wamesomea meno, wachache wanaona hivyo.

"Babe, ulitoa marvin ukipigwa picha?"

"Kulikuwa na baridi."

"Na ile pete ya chuma huwa unavaa kwa sikio ya kushoto?"

"Ilikuwa ndani ya marvin."

Gathoni akaangua kicheko, kisha akalia. "Mashine inazunguka kichwa, Koinet. Chuma ya upande huu inatupa kivuli upande ule. Lakini siapi mpaka nipige ingine. Kuja kesho, masikio wazi."

Kesho yake, kwenye picha mpya, taya lilitoka safi. Gego moja tu lilikuwa limeoza. Koinet, bado kitini, alimshika mikono yote miwili.

"Nilikuwa nimejizika, dear. Nikuje kwenu lini na wazee?"

"Jumamosi," Gathoni alisema, akivaa glavu. "Na hiyo jino naing'oa leo. Baba yangu hawezi kupea msichana wake mtu anakataa nyama. Fungua mdomo, mume wangu."