Fuwele Isiyorudi Rangi

Nissan Patrol nyeupe ilitimua vumbi mbele ya Land Rover yake, na jasusi Orpah Nyarangi aliidharau hata namna ilivyoendeshwa.

Mtu anayekimbia na mali ya wizi hawashi taa za hatari. Huyu alikuwa ameziwasha tangu Lambwe.

Redio ya Motorola ilikoroma. Alikuwa mkubwa wake, Nairobi, akimwita kwa jina lake la siri.

"Swara, unanipata?"

"Nakupata."

"Fuwele kwanza. Iwe nzima. Mtu baadaye."

Mtu mwenyewe alikuwa Fanuel Osoro, fundi wa maabara aliyeikuza fuwele hiyo miaka mitatu, tone kwa tone. Sasa alikuwa amefungwa kamba ndani ya Patrol. Aliyemteka alikuwa Daktari Kessler, mgeni aliyekaa Homa Bay mwaka mzima wa 1996 akijiita mtafiti wa mbung'o. Mbung'o hata mmoja hakukamata.

Fuwele ilikuwa jiwe la manjano lenye ukubwa wa kidole gumba, lililotokana na kemikali za kaboni. Chini ya taa ya kukagulia noti bandia iling'aa kijani. Ukiibana polepole, mng'ao ulihama kuelekea wekundu. Ukiiachilia, ulirudi kijani. Kwa rangi hiyo ungeweza kusoma mgandamizo mahali ambapo vipimo vingine vingesagika.

Ndani ya bomu, kwa mfano.

Wanunuzi wa Kessler walitengeneza mabomu ya kutega ardhini. Walimtaka Fanuel pia, awakuzie fuwele nyingine.

Saa nne asubuhi Patrol iliingia Muhuru Bay, ikapita juu ya omena, dagaa wa ziwani, walioanikwa, wanawake wakitawanyika. Kwa hilo pekee Orpah angempiga mtu risasi.

Aliruka kutoka kwenye Land Rover, bastola ya Beretta mkononi.

Dereva wa Kessler, aliyeitwa Mniko, mtu wa Kehancha, alikuwa amekwisha kuinua mikono kabla ya kuambiwa. Alieleza kwamba yeye ni wa usukani tu, na kwamba aliambiwa wanabeba dawa ya wadudu. Orpah alimwamuru alale kifudifudi. Alilala haraka kuliko alivyoendesha.

Kessler alikuwa ameshafika kwenye mashua yenye injini ya Yamaha. Bastola yake ilikuwa shingoni mwa Fanuel. Chupa ya chuma yenye fuwele ilikuwa kwenye ubao wa kukalia, upande wa pili.

"Weka silaha chini, mama. Ama fundi wako anakufa."

Orpah alimtazama. Vitu viwili vya kulinda, na moyo wa Kessler wenye nafasi ya kimoja. Alijua mgeni huyo angechagua kipi.

Alifyatua.

Risasi ilikwaruza chupa, ikairusha juu. Kessler aliachia kila kitu, bastola na mateka, akajitupa juu ya chuma kile kwa mikono miwili. Fanuel alijibwaga majini. Orpah alimfikia Kessler kabla hajainuka, akamfunga pingu.

Kessler aliomba kuifungua chupa. Orpah alimruhusu. Jiwe lilikuwa zima, bila hata ufa. Mgeni akacheka.

Fanuel, aliyelowa chapachapa na sasa amefunguliwa kamba, aliomba taa ya kukagulia noti aliyokuwa nayo Orpah. Orpah alifunika jiwe kwa koti, akawasha.

Kijani hakikuonekana. Kulikuwa na mng'ao hafifu wa rangi ya kutu.

"Ukiibana polepole, molekuli zinasogea, halafu zinarudi," Fanuel alisema. "Ukiipiga mshtuko wa ghafla, mpangilio unavurugika kabisa. Hii itadanganya kila kipimo."

Miaka mitatu. Kwa mara ya kwanza siku hiyo Orpah aliona haya.

"Pole, Osoro."

"Madam, fuwele naweza kukuza ingine. Shingo siwezi."

Kessler hakucheka tena. Orpah alimwinamia.

"Umeiba kitu ambacho hata hukijui. Mbung'o walikuwa na bahati."

Polisi wa kituo walipofika, aliwakabidhi Kessler na dereva wake. Redio ikaita.

"Swara. Fuwele?"

"Imeharibika. Osoro yuko hai. Kessler ana pingu."

"Nilisema mtu baadaye."

"Nilikusikia vizuri, mkubwa."

Alizima Motorola, akamvika Fanuel koti lake, wakapanda mteremko taratibu kutafuta chai ya moto.