Alama ya Kijani Iliyomuua Mume Wangu

Wasomaji wenzangu, mimi ni mjane wa miaka arobaini na tisa, mama wa watoto watatu, naishi Makole hapa Dodoma. Nauza mkaa na mafuta ya taa mbele ya nyumba ya kupanga. Zamani nilikuwa mke wa mwenye lori... Naam, lori! Msicheke. Mkinikuta leo na mikono hii myeusi hamtaamini.

Mume wangu Hamisi alikuwa dereva wa shirika moja la umma. Ilipoingia enzi ya ruksa, enzi ya biashara huria, mashirika yakaanza kupunguza watu, naye akapunguzwa. Wenzake walimaliza viinua mgongo vyao kwa pombe na wake wa pili. Hamisi alikuwa mtu wa swala tano, hata togwa iliyochacha hakuionja. Alichukua kiinua mgongo chake, baba yake akauza ng'ombe, mimi nikauza kiwanja nilichorithi, tukanunua lori kwa wakala mmoja wa Dar es Salaam. Jipya, bado viti viko kwenye nailoni!

Dereva wa pili alikuwa mdogo wangu Salum, tumbo moja na mimi. Hamisi alimpenda kuliko alivyowapenda wadogo zake mwenyewe. Alimfundisha kazi, akamlipia leseni, akamwachia kitanda chetu cha zamani Salum alipohamia chumba chake. Mimi nilikuwa najisifu kwa mashoga zangu kwamba mume na ndugu yangu wanakula sahani moja.

Basi siku moja tukasikia tangazo redioni. Malori yote ya aina yetu yalikuwa yanaitwa kurudi kwa wakala. Kuna mpira nyuma ya injini, unaozuia oili isitoke, ulikuwa umetengenezwa vibaya. Unavujisha. Oili ikiisha, injini inaweza kukwama ghafla gari likiwa safarini. Matengenezo ni bure, na kila lori litakalotengenezwa litapakwa alama ya kijani kwenye injini.

Wenye malori wa hapa mjini walicheka sana. Tangu lini mwenye duka akakuita urudishe alichokuuzia? Wengine walisema wakala anataka kuwanyang'anya malori. Wengine wakasema gari lisilovuja ujue halina oili! Lakini Hamisi hakucheka. Chini ya lori letu, pale lilipolala, kila asubuhi palikuwa na doa jeusi. Alisema, "Mama Zuhura, hili lazima liende."

Bahati mbaya wiki ile ile homa ya matumbo ikamlaza hospitali. Salum akasema, "Shemeji, wewe pumzika. Mimi nipo kwa ajili gani?" Akaondoka na lori kwenda Dar es Salaam. Nilimfungia chapati za njiani kwa mkono wangu mwenyewe.

Alikaa huko siku nyingi, karibu nusu ya mwezi. Aliporudi alisema foleni kwa wakala ilikuwa haisogei. Aliniletea doti ya kanga, akawaletea watoto viatu. Kisha akainua kabini na kumwita Hamisi, ambaye alikuwa bado anatembelea fimbo kwa udhaifu. Hamisi aliinama, akaiona alama ya kijani kwenye injini, akasema alhamdulillahi. Nilikuwa pale, nimesimama na kikombe cha uji wake.

Doa jeusi liliendelea kuonekana chini ya lori. Hamisi aliuliza. Salum akamjibu kwamba mafundi wa wakala wamesema mpira mpya ukishafungwa, injini inatoa jasho kwanza mpaka mpira ukae sawasawa. Jasho! Mume wangu alikuwa dereva tangu ujana wake, lakini alikuwa ameiona alama kwa macho yake. Na aliyemwambia alikuwa shemeji yake. Angemkataliaje?

Msimu wa mahindi ulikuwa umepamba moto. Hamisi alipopata nguvu alikwenda Babati kupakia. Wakati wa kurudi, kwenye mlima mmoja karibu na Kolo, injini ikakwama huku lori limejaa magunia. Breki zikashindwa na uzito, lori likaanza kurudi nyuma... likarudi... likaacha barabara. Hamisi alikufa pale pale. Alikufa pia mama mmoja mfanyabiashara aliyekuwa amepewa lifti.

Wasomaji, msiba una ndugu yake, naye ni umbea. Kabla hatujamaliza kuzika, Kondoa nzima, kwetu nyumbani, ilikuwa inasema dereva alikuwa amelewa. Hamisi! Hamisi wa swala tano! Ndugu wa yule mama aliyekufa naye walikuja msibani wakaniambia mume wangu ni muuaji. Baba mkwe wangu, mzee wa watu, aliacha kwenda msikitini kwa aibu. Wanangu walizomewa shuleni kwamba ni watoto wa mlevi. Nililia mpaka machozi yakakauka.

Kisha akaja bwana mmoja kutoka kwa wakala. Walikuwa wameshtuka, maana walisikia lori lenye alama yao limekwama injini. Alinichukua hadi kituo cha polisi lilikovutwa lile lori. Akafungua, akachungulia, akakwangua ile alama kwa ukucha. Ikabanduka.

"Mama," akasema, "hii ni rangi ya madirisha. Na mpira huu ni ule ule wa mwanzo. Lori hili halijafika kwetu."

Nikakaa chini kwenye vumbi. Mdogo wangu alikuwa anamalizia nyumba yake Kondoa. Madirisha yake nilikuwa nimeyaona mwenyewe, tena nikamsifia... yalikuwa ya kijani.

Nilimfuata siku hiyo hiyo. Hakukana! Alisema alipofika Dar es Salaam alipata mizigo ya saruji ya kwenda Morogoro, akaona asipoteze nafasi, akawa anabeba kwa faida yake. Kwa wakala hakukanyaga. "Dada, yalikuwa matone tu," aliniambia. "Matone! Ningejuaje?" Alikuwa analia, lakini nilimwona anatazama nyumba yake huku analia.

Mama yetu alikuwepo. Mama aliyetuzaa sote wawili alipiga magoti mbele yangu, mimi mwanaye, akanishika miguu. "Hamisi hafufuki, mwanangu," alisema. "Huyu bado yuko hai. Ukisema watamfunga, au hao ndugu wa marehemu watamuua. Nyamaza, nakuomba kwa maziwa niliyokunyonyesha."

Niambieni, ninyi mngefanya nini?

Nilinyamaza. Nilinyamaza mpaka siku ya arobaini ya marehemu. Baada ya dua watu walikuwa wanakula, Salum naye amekaa katikati ya wanaume, anakula pilau ya msiba aliouleta yeye. Nikamwona baba mkwe peke yake pembeni, hakuna anayetaka kukaa naye sahani moja. Nikatoka kwa wanawake, nikaenda mbele ya wanaume, nikasema kila kitu. Saruji, madirisha, rangi.

Baba mkwe akasema, "Rudia, mwanangu." Nikarudia. Mzee akafunika uso kwa kanzu yake akalia. Salum alichukuliwa polisi, akakaa ndani kidogo, kisha akatoka. Kesi ilikufa, sijui kwa mkono wa nani, na lori likauzwa chuma chakavu. Leo yeye ana mabasi, mimi nina mkaa. Lakini hakuna tena anayemwita Hamisi mlevi, na baba mkwe alirudi msikitini.

Ndugu zangu wenye magari, nawasihi. Gari lako likiitwa, lipeleke mwenyewe. Kama unaumwa, liache lilale mpaka upone. Simama pale lifunguliwe, uuone mpira wa zamani ukitolewa kwa macho yako. Usitume shemeji, usitume ndugu, usitume damu yako! Na wewe unayekula kwa kazi ya mwenzako, matone unayoyadharau ni uhai wa mtu.

Nanyi mnaouficha ukweli kwa ajili ya udugu, semeni. Lakini msidhani mtapongezwa. Idi iliyopita nilikwenda Kondoa kwa mama na kilo za sukari na kanga mpya. Nilimkuta barazani kwa Salum, chini ya yale madirisha. Nikapiga magoti, nikamwamkia, "Shikamoo, mama."

Alinitazama. Kisha akaitikia, "Marahaba, mgeni."