Kereng'ende Hawapo Chini ya Kivuko

Kila Jumamosi ya likizo ya mwezi wa sita, Mokami aliamka kabla hajaitwa, jambo ambalo siku za shule halikumtokea hata kwa bahati mbaya. Alifagia ua, akasaidia kufungua ndama, akanywa uji ukiwa bado unaunguza ulimi, kisha akatoka mbio. Bibi yake, Bhoke, aliyependa kukaa kwenye kigoda akiota jua la asubuhi, hakumwacha apite hivihivi.

"Mke mwenzangu, leo tena unakwenda kuwasalimia wadudu? Na mimi nani atanisalimia?"

"Shikamoo, bibi! Nitakuletea salamu zao."

"Marahaba. Waambie sina nyumba ya kuwakaribisha."

Matembezi yale yalianzishwa na Mwalimu Editha. Kwao ni mbali, Kagera, na likizo fupi hakusafiri. Badala ya kukaa peke yake kwenye nyumba ya shule, aliwakusanya watoto wa kijiji, huku kata ya Kisaka wilayani Serengeti, akawatembeza kando ya mto kutazama ndege na wadudu. Wazazi wengine walicheka. Tangu lini mtoto wa mfugaji akafundishwa kutazama ndege, na ndege wamejaa kila mahali?

Lakini watoto walijifunza kukaa kimya, kazi ambayo Robi, rafiki yake Mokami, aliiona ngumu kuliko hesabu za sehemu. Walikaa kimya mpaka mdiria, ndege mdogo wa buluu, akaruka kutoka kwenye tawi, akazama majini na kuibuka na kisamaki mdomoni. Waliwaona yangeyange wakitembea nyuma ya ng'ombe kama wachungaji waliovaa kanzu nyeupe.

Mokami aliwapenda zaidi kereng'ende. Walikuwa na mabawa membamba yanayopitisha mwanga, na waliweza kusimama hewani bila kushika kitu. Mwalimu Editha aligeuza jiwe ndani ya maji, akawaonyesha watoto wa kereng'ende, vidudu vya rangi ya matope visivyofanana kabisa na mama zao.

"Hawa wanaishi majini muda mrefu kabla ya kuota mabawa," alisema. "Wanakula viluwiluwi vya mbu. Maji yakiingia sumu, hawa hufa mapema. Kwa hiyo ukiwaona, furahi."

Kila mtoto alijichagulia mahali pake pa kutazama. Mokami alichagua kidimbwi kilichokuwa chini kidogo ya bustani ya nyanya ya Mzee Nashoni. Matembezi yao yalianzia hapo na kuteremka na mto, kwa sababu upande wa juu, kuelekea kivuko ambako ng'ombe hunywa maji, kingo zilijaa miiba.

Jumamosi moja walifika, wakakuta kimya ambacho hawakukizoea. Hakuna kereng'ende hata mmoja juu ya maji. Visamaki vilielea matumbo juu. Mokami aligeuza jiwe lake, na vidudu vya matope vilikuwa pale, lakini havikusogea alipovigusa.

Kwenye nyasi alimkuta mdiria. Bado alikuwa hai, ila mabawa yalitetemeka na shingo haikusimama. Mokami alimshika kwa viganja viwili, akamdondoshea maji safi kutoka kwenye chupa ya mwalimu. Maji yalitiririka pembeni mwa mdomo. Aliuhisi moyo wa yule ndege ukienda mbio, kisha polepole, kisha hakuuhisi tena. Alimtazama Mwalimu Editha, akitumaini kwamba mtu mzima atajua la kufanya. Mwalimu naye alikuwa ameshika mdomo tu.

Wakati huo Robi aliona chupa tupu ya dawa ya nyanya imefunikwa kichwachini juu ya nguzo ya uzio wa bustani.

"Ni Mzee Nashoni!" alipiga kelele. "Ametia sumu mtoni!"

"Ndiyo, ni yeye!" Mokami naye alilia, ndege angali mikononi.

"Subirini kwanza," alisema Mwalimu Editha. "Tumeona chupa. Hatujaona mtu akitia kitu mtoni."

Aliwakataza wasiguse maji yale. Hilo walilisikia. La kusubiri hawakulisikia, na kabla ya mchana kijiji kizima kilikuwa kinamzungumzia Nashoni.

Jumapili, baada ya ibada, mwenyekiti wa kitongoji aliitisha mkutano. Mzee Nashoni alisimama na kofia yake mkononi. Alisema chupa ile ni ya mwaka jana, ameifunika pale nguzo isioze kwa mvua, na kwamba msimu huu anatumia majivu. Watu waliguna. Aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa Wangwe, baba yake Mokami.

"Watoto wetu wanacheza kwenye maji hayo! Mtu mmoja hawezi kutuua sote kwa ajili ya nyanya!"

Ikaamuliwa kwamba Mzee Nashoni asichote maji mtoni mpaka bwana kilimo aje kuangalia bustani yake. Bwana kilimo alipigiwa simu, akasema yuko kwenye semina. Jua, bahati mbaya, halikwenda semina. Lilichomoza kama kawaida na kuziwakia nyanya za Mzee Nashoni.

Jumatatu ndama mmoja alimponyoka Mokami akapanda juu mpaka kivukoni. Mokami alimfuata akipenya kwenye miiba huku akimtukana kimoyomoyo. Alipofika alisahau ndama. Upande wa juu wa kivuko, kwenye matete, kereng'ende walikuwa wamejaa: wekundu, wa buluu, wengine wakigusisha mikia majini kutaga mayai. Alitaka kucheka kwa furaha. Aliteremka akiwahesabu, akafika kwenye jiwe bapa la kivuko, na hapo wakaisha. Kuanzia jiwe hilo kuteremka na mto hapakuwa na kereng'ende, na vidudu chini ya mawe vilikuwa vimekufa.

Bustani ya Mzee Nashoni ilikuwa bado mbali huko chini. Sumu haiwezi kupanda mto.

Kisha akasikia harufu kwenye jiwe. Aliijua. Ilikuwa kwenye koti la baba yake kila Ijumaa, harufu ya dawa ya kupe.

Zamani ng'ombe wote waliogeshwa kwenye josho la kijiji. Josho lilipopasuka wakati wa masika, Wangwe alinunua bomba la kubeba mgongoni, akalipenda kama mtu anavyopenda baiskeli mpya. Kila Ijumaa alinyunyizia ng'ombe wake dawa palepale kivukoni, walikosimama baada ya kunywa, kisha akasuuza bomba juu ya jiwe. "Maji yanapita," alizoea kusema, "yatakwenda nayo." Maji ya masika yalikwenda nayo kweli. Sasa ulikuwa kiangazi, na mto ulikuwa umebaki mwembamba, mtoto anauruka.

Mokami alikaa juu ya lile jiwe akashindwa hata kulia. Angemwambia nani? Kwao mtoto hamkosoi baba. Hata kukaa karibu naye na kupiga soga si kawaida. Baba akiingia, watoto hupunguza sauti. Na huyu baba alikuwa amesimama mbele ya watu akamnyooshea kidole mtu mwingine. Akinyamaza, Mzee Nashoni anaangamia. Akisema, baba yake anaaibika. Kila njia aliyoifikiria iliishia kwenye ukuta.

Jumanne alichota ndoo ya maji kwenye kisima cha kijiji, mbali na mto, akaibeba mpaka kwenye bustani. Majani ya nyanya yalikuwa yamejikunja.

"Ni wewe peke yako uliyenikumbuka," alisema Mzee Nashoni. "Asante sana, mwanangu. Mungu akubariki."

Maji yale yalilowesha miche michache tu. Mokami aliondoka haraka. Ingekuwa afadhali angefukuzwa.

Jumatano alinyamaza. Alhamisi alasiri alimwona baba yake ametoa bomba stoo, anakaza mpira wake na kupiga mluzi. Kesho ilikuwa Ijumaa. Mokami alikwenda nyuma ya nyumba alikokuwa bibi yake anapembua mtama, akajitupa karibu naye.

"Leo wadudu wamekutuma salamu gani?" Bhoke alianza utani. Kisha akaona uso wa mjukuu wake, akaweka ungo chini.

Mjukuu na bibi hawana mpaka baina yao. Wanataniana, wanaibiana karanga, wanaambiana yasiyosemeka kwingine. Mokami alisema yote: kereng'ende, jiwe, harufu, na ndoo ya maji.

"Mzigo huu ni mkubwa kwa shingo hii," alisema Bhoke, akimshika shingo. "Nipe mimi. Mimi ndiye niliyemzaa huyo, simwogopi."

Akamwita mwanawe. Wangwe alikuja akifuta mikono.

"Wangwe, mke mwenzangu ana neno. Nitalisema kwa mdomo wangu, na wewe utanyamaza mpaka nimalize."

Kadiri mama yake alivyoendelea, mishipa ya shingo ilimsimama Wangwe. Mokami alitazama chini akisubiri ngurumo.

"Nionyeshe," alisema baba yake, basi.

Walikwenda mtoni, baba mbele, binti nyuma. Juu ya kivuko Mokami alimwonyesha kereng'ende kwenye matete, na baba yake akawatazama kama mtu aliyewaona kwa mara ya kwanza. Kisha wakateremka kupita lile jiwe. Wangwe alikunja suruali akaingia majini, akageuza mawe mwenyewe, moja baada ya jingine, kwa muda mrefu. Labda alitumaini kukuta hata kimoja kinachotembea.

Alipotoka alishika njia ya kushuka mpaka bustani ya nyanya, Mokami nyuma yake.

"Nashoni," alisema akiwa bado nje ya uzio, "ni mimi. Ni bomba langu. Nimelisuuza kivukoni, kisha nikakusema wewe mbele za watu. Naomba unisamehe."

Mzee Nashoni alikuwa ameinama kwenye mche uliokauka. Hakuinuka mara moja.

"Wangwe, ungekuja Jumatatu," alisema, "ningekushukuru. Leo nikushukuru kwa lipi? Tazama."

Wakatazama.

Jioni hiyo Wangwe alifunga madumu kwa punda na kuleta maji ya kisima. Mstari mmoja wa kivulini ulipona. Mingine ilikuwa imekwisha. Ijumaa hakunyunyizia dawa. Alichimba shimo mbali na mto, juu kabisa karibu na zizi, liwe mahali pa kusuuzia bomba, akaenda kuwaambia wafugaji wenzake nao wachimbe. Kisha akamwomba mwenyekiti aitishe mkutano mwingine, akasema mbele ya wote alivyomwambia Nashoni.

Jumamosi watoto walipokusanyika, walishangaa kumkuta Wangwe amesimama na Mwalimu Editha. Walipomwamkia aliitikia, kisha akakohoa kidogo, kwa kuwa hakuzoea kuzungumza na watoto.

"Robi aliona chupa akataja jina," alisema. "Mokami akaitikia. Mimi mtu mzima nikapiga kelele kuliko wote. Mwalimu alisema subirini, tukampuuza kwa kuwa ni mgeni hapa. Mtu mmoja tu ndiye aliyefika huko juu na kuangalia." Akamgeukia binti yake. "Lakini wewe uliona Jumatatu. Kwa nini mimi nimesikia Alhamisi?"

Wote walikuwa wanamtazama Mokami.

"Nilikuogopa, tata," alimwambia baba yake.

"Basi siku hizo zilizoua nyanya tutazigawana," alisema Wangwe. "Zako kwa kunyamaza, zangu kwa kuogopwa na mwanangu mwenyewe. Sikilizeni, ninyi nyote. Msimtaje mtu kwa jambo ambalo hamkuliona. Na ukiona kosa kweli, hata kama ni la mzazi wako, liseme siku hiyohiyo. Ukishindwa kumwambia mwenye kosa, mwambie mtu mzima unayemwamini. Ukweli wa Jumatatu ungeokoa bustani. Wa Alhamisi umeokoa mstari mmoja."

"Mwalimu," Robi aliuliza kwa sauti ndogo, "kereng'ende watarudi lini?"

"Sijui, Robi. Huko juu wapo. Maji yakisafika, huenda wakashuka. Sisi hatuwezi kuwavuta."

Wakakaa kando ya kidimbwi, kimya kama walivyofundishwa. Mzee Nashoni naye alitoka bustanini akaja kukaa, mbali kidogo na Wangwe, lakini kwenye gogo lilelile. Mokami alitazama juu ya maji mpaka macho yakamuuma. Siku ile hakikuja kitu. Alipoinuka kwenda nyumbani, baba yake alikuwa bado ameketi pale, anatazama.