Jiwe la Ubatizo la Bi Winifred

Asubuhi hiyo ya Julai baridi ya mtaa wa Rosettenville, Johannesburg, ilikuwa imegandisha hata maji ya ndoo uani, lakini maji ya lile karai la jiwe yalikuwa vuguvugu. Nasra alitia vidole, akavitoa upesi. Yalikuwa na joto la maji ya kuogeshea mtoto.

Karai hilo walipewa na jirani yao, Bi Winifred, kikongwe wa Kiingereza aliyeishi peke yake ng'ambo ya ukuta. Hashim, mumewe Nasra, alilipenda, akawa anatawadhia hapo.

"Hashim, umetia maji ya moto kwenye karai?"

"Mimi? Hata birika sijabandika."

Nasra alirudi ndani kwa mwanawe. Alikuwa mzazi bado, na akika haijafanywa. Jina alikuwa nalo moyoni, hajamtajia mtu: Ilham, jina la marehemu mama yake.

Jioni umeme ulikatika. Harufu ya udongo mbichi, ule wa kaburi lililofukuliwa, ikapenya chumbani. Kisha mtoto akalia. Nasra alimulika simu kitandani, akamwona binti yake ameachama, uso umemwiva, koo linatetemeka, wala sauti haimtoki. Kilio kilikuwa kinatoka uani.

Maziwa yakaanza kumchuruzika. Hakujua amefunguaje mlango, wala baridi ya sakafu hakuisikia, alichosikia ni kile kilio kikimvuta kama kamba iliyofungwa kifuani, hata alipozinduka Hashim alikuwa amemkumbatia kwa nyuma, anamburuta, anasoma Ayatul Kursiyu kwa sauti iliyokatikakatika, na yeye Nasra ameinama juu ya jiwe, nguo wazi, na maji mle ndani yamegeuka meupe.

"Eish, Nasra! Unamnyonyesha nani?"

Tangu hapo binti yao hakutoa sauti tena. Akawa ananyonya kidogo, anasinzia, anapungua.

Hashim alimleta Sheikh Abdulrahman kutoka mtaa wa Mayfair, mjini humo. Sheikh alisoma, akafukiza ubani, akaketi mbele ya karai mpaka kikaja kile kilio, chembamba, cha karibu.

"Majini nimewatoa wengi," alisema kwa sauti ya chini. "Huyu simwoni ubishi. Analia tu. Muulizeni aliyewapa jiwe."

Bi Winifred alifungua mlango, akaona kichanga begani kwa Nasra, akaanza kulia kabla hajaulizwa. Hashim akawa anafasiri.

Alizaliwa Uingereza, alisema, parokia ndogo ya mashambani: kanisa moja, bwawa la bata, mashamba ya shayiri, na watu waliojuana mpaka mbwa wao. Kulikuwa na desturi ya zamani. Kichanga aliyekufa kabla ya kubatizwa alizikwa upande wa kaskazini wa kanisa, kusikofika jua, bila sala, bila jina. Dada yake mkubwa alizikwa huko. Kanisa lilipopata jiwe jipya la ubatizo, mama yao aliliomba la zamani, ndilo karai hilo, akasafiri nalo kuja Johannesburg.

"Dada akafuata jiwe," alisema Bi Winifred. "Maisha yangu yote namsikia akilia."

"Ulijua?" Nasra alimkatiza. "Ulijua, ukatupa sisi, wenye mtoto?"

"Nimezeeka, mwanangu. Nilitaka nilale."

Nasra alimpa kisogo. Alitoka, akarudi uani kwake, akapiga magoti penye jiwe, mwanawe kifuani. Harufu ya kaburi ilimjia puani. Kilio kikaanza, na titi likamuuma.

"Njoo usikie," alinong'ona. "Hukuitwa. Leo unaitwa. Wewe ni Ilham. Ni jina la mama yangu, sina zuri kuliko hilo. Nakupa. Niachie wangu."

Hashim alitaka kusema kitu, Sheikh, aliyekuwa bado uani, akamshika mkono.

Kilio kilikatika. Mara binti wa Nasra akapiga ukelele mkali wa njaa, na Nasra akacheka huku machozi yanamtoka.

Siku ya akika binti yao walimwita Tumu. Jiwe lilikuwa limesharudishwa kwa mwenyewe. Aliposikia dada yake amepewa jina, Bi Winifred alikuja na toroli kulichukua, akalikumbatia jiwe kabla ya kulisukuma.

Jioni Nasra akianua nepi humsikia kikongwe yule ng'ambo ya ukuta akiita kwa Kiswahili chake cha kujifunza: "Ilham, njoo ndani, baridi." Na husikia miguu midogo, mitupu, ikikimbia juu ya saruji kumwitikia.