Kosa la Nane Halikuandikwa

Nyumbani kwetu siku huanza kwa pasi. Mimi ni dobi. Alfajiri nikishawasha makaa, binti yangu hukaa kwenye kigoda akikunja nguo za wateja huku chai yake ikipoa. Tunamwita Nukta kwa sababu alizaliwa mdogo mno, mkunga akasema, "Huyu si mtoto, ni nukta." Sasa ana miaka kumi na miwili na macho makali kuliko yangu. Doa nisiloliona mimi, yeye huliona.

Saa moja kasorobo husikika hodi. Ni Kicheko, binti wa mdogo wangu, anayekaa nyumba ya pili.

"Shikamoo, Mama Mkubwa. Nukta, fanya haraka, konokono we!"

"Konokono mwenyewe. Tena umevaa sweta kinyume."

Huondoka hivyo, wakitaniana mpaka kona. Wamekua pamoja, dawati moja, hata surua waliugua wiki moja.

Mwaka ule walikuwa darasa la sita, na wote wawili waliingia klabu ya kompyuta. Chumba chao kilikuwa na mashine kumi. Mbili haziwaki, na moja haina herufi M. Mwalimu wa kompyuta aliwafundisha kutengeneza michezo, ile inayochezwa kwenye kioo. Kila mwaka shule zote za mjini hushindania Tuzo ya Mchezo Bora, na kila shule hupeleka mchezo mmoja tu. Mshindi hupata kikombe kwa ajili ya shule yake, na yeye hupewa kompyuta mpakato iwe yake mwenyewe. Fikiria mtoto wa dobi na kompyuta yake mwenyewe!

Nukta alitengeneza mashindano ya magari. Kwa miezi miwili alibaki shuleni kila siku baada ya masomo, na magari yake yalimetameta kweli. Kicheko yeye alitengeneza mbuzi. Mbuzi amekata kamba, anakimbia katika uwanja uliojaa nguo zilizoanikwa, na mchezaji ni dobi anayemfukuza asile mashati ya watu. Jambo lenyewe lilikuwa la kweli. Mwaka uliotangulia mbuzi wa jirani alitafuna kola mbili za wateja wangu, nikamkimbiza mtaa mzima nikiwa na pasi mkononi. Hata kilemba cha yule dobi wa kwenye kioo kilikuwa changu.

Siku ya wazazi tuliitwa tuicheze. Mchezo wa mbuzi niliucheza mpaka machozi yakanitoka. Nikasema mbele ya watu wote, "Huyu mtoto ana akili! Nukta, mwone mwenzako." Wa magari niliucheza kidogo tu, nikasema, "Mazuri." Basi, neno moja.

Wanafunzi wakapiga kura. Mbuzi akashinda.

Jioni Nukta alianua nguo akizivuta kama anayeng'oa magugu. Nikamuuliza kuna nini.

"Zile kamba ni zetu," alisema. "Mbuzi ni wetu. Na wewe ni mama yangu mimi. Kachukua kila kitu cha kwetu, halafu anapigiwa makofi."

"Mbuzi ni wa jirani," nilimtania.

Hakucheka.

"Acha wivu, mwanangu. Jifunze kwa mwenzako." Nilidhani nimemwonya. Kumbe nimemwaga mafuta ya taa kwenye moto.

Mchezo haupelekwi kwenye tuzo bila mjaribu. Kazi ya mjaribu ni kuucheza ovyo makusudi, abonyeze pasipobonyezwa na kwenda pasipoendwa, mpaka uharibike. Kila kosa analoliona huliandika kwenye daftari ili mtengenezaji arekebishe. Mwisho hutia sahihi chini ya maneno haya: "Nimejaribu yote, sikuona kosa jingine." Daftari hilo husafiri na mchezo mpaka kwa majaji.

Mwalimu alisema, "Nukta, macho yako hayapitwi na kitu. Wewe ndiye mjaribu wetu."

Alipata makosa manane. Saba yalikuwa madogo. Mbuzi akigeuka anakuwa na miguu mitano. Dobi akishinda, saa haisimami. Mambo kama hayo. Aliyaandika, Kicheko akayarekebisha. La nane alilipata akiwa peke yake, Kicheko amekwenda kunywa maji. Dobi akiruka mara mbili nyuma ya kamba ya tatu, kioo kizima kinaganda. Mbuzi anabaki hewani, na hakuna kinachosogea mpaka mashine izimwe. Nukta aliizima, akaiwasha, akajaribu tena. Ikaganda tena.

Akazima, akawasha mara ya pili. Kicheko akaingia akijifuta mdomo.

"Kuna lingine?"

"Hakuna," alisema Nukta. Akatia sahihi.

Haya yote aliniambia baadaye. Wakati ule nilichokiona ni mtoto anayechokonoa chakula. Siku moja Kicheko alikuja mbio kutuambia kwamba mwisho wa mchezo ameandika majina ya waliosaidia, na la Nukta limo. Alipoondoka, Nukta alisonya.

"Jina langu chini kabisa. Hata mbuzi kaandikwa kabla yangu."

Nilicheka, nikaendelea kupiga pasi. Mama anayecheka pasipo pa kucheka naye ana lake la kujibu.

Siku ya tuzo ukumbi ulijaa. Meza kumi na nne, kompyuta kumi na nne, na watoto wa sare za kila rangi. Majaji watatu walipita kwanza. Kwenye meza ya Kicheko walicheka kama nilivyocheka mimi, na mkuu wao, mama mmoja mwenye miwani, alirudia mara ya pili. Mdogo wangu akanifinya mkono. "Dada, tunaipata!" Nukta alikuwa kando yangu, amekaa ukingoni mwa kiti. Nikadhani ni hamu ya kushangilia.

Baada ya majaji ikawa zamu ya wanafunzi wa shule nyingine kucheza. Akakaa msichana mmoja mwenye papara, anabonyeza kila kitu kwa vidole kumi. Mara kioo kikaganda. Mbuzi hewani, miguu imetanuka.

"Mbuzi kanyongwa!" mtoto mmoja alipiga kelele, na ukumbi ukaangua kicheko.

Mkuu wa majaji alikuja na daftari mkononi. "Kanuni ni moja kwa wote. Mchezo ukiganda, mtengenezaji ana dakika ishirini. Zikipita, mchezo unatolewa."

Kicheko alikaa, akazima mashine, akaiwasha na kufungua maagizo ya mchezo wake. Mistari ya maagizo ilikuwa mamia, na kosa lingeweza kuwa popote. Alijaribu kuugandisha tena ili aone chanzo. Haukuganda. Yule msichana aliulizwa alibonyeza wapi, akasema, "Nilibonyeza tu." Utatibuje ugonjwa usiojulikana unauma wapi?

Mwalimu akamgeukia binti yangu. "Nukta, ulipojaribu hukuona kitu kama hiki?"

"Hapana, Mwalimu."

"Msimsumbue," Kicheko alisema bila kuinua kichwa. "Yeye aliandika yote. Kosa ni langu."

Hapo nikamtazama mwanangu vizuri. Anayeona doa la ukubwa wa kichwa cha pini hakuona mashine nzima ikiganda? Naye alikuwa hatazami kioo. Alikuwa anatazama viatu vyake. Nikainama sikioni mwake.

"Nukta, unajua?"

Akasugua kiatu kwa kiatu.

"Mwanangu, dakika zinakwisha."

"Nikisema, watanijua mimi ni mtu wa namna gani."

"Na usiposema, utajua wewe. Utalala na kuamka na hilo."

Alisimama. Kutoka kiti chetu hadi ile meza ni hatua kumi, lakini alizitembea kama mwenye mzigo kichwani. Akasema kwa sauti iliyosikika na watu wote, "Ruka mara mbili nyuma ya kamba ya tatu."

Kicheko akaruka mara mbili. Kioo kikaganda.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipokwenda kunywa maji."

Nilidhani atalia au atampiga. Hakufanya lolote. Alisema tu, "Sogea, unanizibia mwanga," akaanza kazi. Zikiwa zimebaki dakika tatu, mbuzi akakimbia tena.

Lakini mchezo ulioganda hupunguziwa alama. Kikombe kilikwenda shule nyingine, na kompyuta pia. Kicheko alipewa cheti cha nafasi ya pili. Mdogo wangu alikikunja, akakitia mkobani, akatoka bila kuniaga. Sikumlaumu.

Mwalimu alimwita Nukta pembeni, nami nikiwepo. Hakupaza sauti. "Kazi ya mjaribu utaiacha kwa sasa," alisema. "Sahihi ni ahadi. Mtu akitia sahihi kwamba daraja ni zima, watu wanapita juu yake. Leo mchezo umeanguka. Ukikua hivi, kitaanguka kikubwa zaidi." Kisha akaongeza, "Lakini zile hatua kumi ulizitembea mwenyewe. Hizo nazo nimeziona."

Njiani Nukta aliniuliza, "Mama, mimi ni mbaya?"

"Umefanya vibaya, ukasema kweli ilipokuwa ngumu. Na mimi nina langu. Kila siku nimekupima kwa mwenzako, kama nguo ya kuazima. Sitakupima tena."

Siku tisa hodi ya saa moja kasorobo haikusikika. Nukta alikwenda shule peke yake. Mara tatu alikwenda kwa mama yake mdogo kuomba radhi, na mara tatu Kicheko alibaki chumbani. Siku ya kumi, Jumamosi, nikamwona Kicheko mlangoni. Nukta alikuwa anahangaika na shuka kubwa la mteja.

"Samahani," alisema Nukta.

"Umeshasema."

"Nasema tena."

"Ile kompyuta ingekuwa yangu."

"Najua."

"Bado nina hasira."

"Najua."

Kicheko akavuta pumzi. "Lete upande huo. Unalikunja ovyo." Wakalikunja pamoja, pembe kwa pembe. Hawakutaniana siku ile, lakini Jumatatu hodi ilisikika.

Nimeyaandika haya kwa ajili yenu, wanangu mnaosoma, na mama zenu wakipenda wasikilize. Mwenzako akifanya vizuri na moyo ukakuuma, usione haya, sisi sote hutuuma. Mwambie mtu. Kisha rudi kwenye kazi yako uifanye vizuri zaidi. Ila jihadhari, kwa maana wivu hauji umeshika panga ukuambie uvunje au uibe. Mtoto mwema angekataa. Wivu huja polepole, ukakuambia unyamaze tu, maana kunyamaza si kosa. Binti yangu hakugusa mchezo wa mwenzake hata kwa kidole, akauangusha. Unapolijua jambo litakalomwumiza mwenzako, liseme mapema, kungali na muda wa kulirekebisha.