Kisu Kisicho na Pengo

Miaka ile mji wa Nefta ulikuwa na mashine moja tu ya kusaga makuti ya mitende, na mwangalizi wake alikuwa Bashir, babake Sabiha. Zamani makuti makavu yalichomwa moto, na moshi ulitanda bustanini mpaka mbuzi wakakohoa. Mashine ilipokuja, makuti yakawa chengechenge za kurutubisha ardhi. Sabiha sasa ni mama wa watoto watatu, lakini akisikia harufu ya kuti bichi lililokatwa, moyo wake hurudi kwenye kile kibanda cha baba yake.

Kila Jumapili asubuhi, baada ya chai ya mnanaa, Bashir aliizima mashine, akachomoa waya wa plagi na kuvaa glavu. "Mashine haina macho," alikuwa akisema. "Haijui kidole wala kuti." Kisha alifungua bolti, akatoa visu viwili, akavifuta utomvu na kuvipiga tupa. Mwisho alivinoa kwenye kinoo cha marehemu Babu Tijani, aliyenolea miundu ya wavunaji kwa miaka arobaini hadi jiwe likabonyea katikati. Kazi ya Sabiha ilikuwa kumimina maji. "Mpe maji mzee huyu, ana kiu," babu alikuwa akimwambia enzi za uhai wake, akikigusa kinoo, na baba aliyarithi maneno hayo pamoja na jiwe.

Kazi nyingine ya Sabiha ilikuwa kufunga makuti ya kwao matita matita. Kamba ilikuwa ukindu uliolowekwa, si kitu kingine, kwa maana tita liliingia mashineni zima zima pamoja na kamba yake.

Jumamosi moja binamu yake alikuwa anapakwa hina ya harusi, na ukindu ukamwishia Sabiha likiwa limebaki tita moja. Kuloweka mwingine kungemchelewesha. Akaokota kipande cha waya wa ua, akalifunga, akajiambia ataufungua kesho. Ngoma zikamsahaulisha.

Asubuhi yake, kabla ya saa ya kunoa, mashine ilipiga mlio wa chuma, ikanyamaza. Bashir alipoifungua alikuta kisu kimoja kimeingia pengo la ukubwa wa dengu, na kipande cha waya kimejiviringisha ndani. Siku hiyo yalisagwa matita ya kwake na ya mzee Lazhar, jirani aliyekuwa na mitende kumi na mmoja na macho yaliyokwisha nguvu, naye alijifungia makuti yake mwenyewe.

"Ami Lazhar," Bashir alisema, "nakuheshimu kama baba. Lakini msimu huu makuti yako sitayapokea tena."

"Mwanangu, mimi hata waya wa kuanikia nguo siuoni, mpaka unishike shingo. Huo wa kufungia ningeuona wapi?"

Waliokuwepo walicheka, ila Bashir hakucheka. Mzee akampigapiga punda wake shingoni.

"Basi nitayachoma kama zamani," alisema, akaondoka na mzigo wake. Sabiha alikuwa amesimama palepale na birika la maji mkononi.

Bashir akaketi kunoa. Alikipiga tupa kile kisu chenye pengo, akifuata mshazari wake uleule na kuhesabu kimoyomoyo, hadi pengo likaisha. Kisha akachukua kile kizima, nacho akaanza kukipunguza.

"Baba, hicho hakina pengo. Mbona unakila kwa tupa?"

"Vinazunguka pamoja. Kimoja kikiwa chepesi, mashine itatetemeka mpaka ivunjike. Kwa hiyo kisicho na kosa nacho lazima kiliwe." Aliviweka kwenye mizani ya tende, kimoja huku, kingine kule, akapiga tupa tena kidogo mpaka vikalingana. "Haya, mpe maji mzee."

Sabiha akainamisha birika. Maji yakamwagika pembeni.

"Baba, ule waya ni wangu. Ukindu uliniishia, nikaona uvivu kuloweka mwingine."

Bashir aliweka kisu chini. "Na Ami Lazhar ulimwona akiondoka."

"Nilimwona."

"Vaa viatu."

Hawajafika nusu ya njia wakaona moshi juu ya bustani ya mzee. Sabiha akakimbia mbele. Alimkuta Lazhar akisukumia makuti motoni kwa mti, machozi yakimtiririka kwa moshi.

"Ami, si wewe. Ni mimi niliyefunga kwa waya. Nisamehe."

Mzee akamimina maji ya chai yake juu ya moto. "Mimi nilijua sikufunga waya," alisema. "Lakini njiani nilianza kujishuku. Nikajiuliza kama akili nayo imefuata macho. Hilo ndilo lililoniuma, binti yangu."

Sabiha alilia waziwazi. Bashir naye alimwomba mzee radhi kwa kuhukumu kabla ya kuuliza, nao watatu wakayaokoa makuti yaliyobaki. Msimu mzima Sabiha alimfungia mzee matita yake, kila moja kwa ukindu uliolowekwa vizuri.

Wakirudi nyumbani siku ile, baba alimshika bega. "Nilikila kisu kizima kwa ajili ya mwenzake, na chuma hakiumii. Binadamu huumia. Kosa ukilificha haliishi, mwanangu. Linakwenda kumla asiyehusika. Liseme lingali dogo kama dengu."

Mashine ile ilikwisha kitambo, na Bashir na Ami Lazhar wote wamelala makaburini. Visu vimetundikwa ukutani kwa Sabiha, vyembamba kwa miaka ya tupa. Watoto wake hupenda kumuuliza ni kipi kilichokuwa na pengo. Yeye huvishusha, huvitazama vyote viwili, na hawezi kuwaambia. Kisha humpa mmoja wao birika, wakanoe kisu cha jikoni kwenye kinoo kilekile. "Mpe maji mzee," humwambia, "ana kiu."